Chuma cha Kombo na Kibuyu cha Mama Mkwe

Kwamba kibuyu cha ugoro cha mama mkwe wangu kilipasuka ndani ya lori, mahali fulani kati ya Msanzi na Sumbawanga, mimi sikuona. Niliambiwa na mke wangu, ambaye naye aliambiwa na mama yake. Kwamba alikuwa na kibuyu hicho tangu usichana wake, na kwamba siku moja kilimponyoka mtoni, kikaelea kumfuata mpaka kivukoni alikovukia, hayo pia niliambiwa, na hilo la pili silisadiki hadi leo. Nilichokiona mimi ni vipande. Vililetwa bandani kwangu vimefungwa katika pindo la kitenge, vikamwagwa juu ya meza yangu ya kazi: vigae vya kibuyu kidogo, vyekundu kwa nje kwa kushikwashikwa na mikono, vyeusi kwa ndani kwa ugoro wa miaka mingi.

"Mama anasema," alianza mke wangu, "nyumba ambayo ugoro wake hauna pa kulala, na yeye hana pa kulala. Lori likirudi Msanzi siku ya Alhamisi, ataondoka nalo."

Hapo ndipo jambo lilipokuwa zito. Nyumba ya Msanzi ilikuwa imebaki na mtu mmoja, yaani yeye mwenyewe, na baridi ya Juni huku juu Ufipa haina huruma kwa kikongwe anayeota moto peke yake. Mke wangu alikuwa amembembeleza mwaka mzima aje akae nasi. Hatimaye alikuja, na sasa kibuyu kimoja kilikuwa kinamrudisha. Mke wangu hakunililia, kwa kuwa si mtu wa machozi. Alivipanga vile vigae mezani kimojakimoja, kama anayepanga karata, kisha akanitazama.

Lazima nieleze hapa desturi ambayo vijana wa leo huicheka. Katika nyumba yetu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana, hawakula chungu kimoja, wala hawakusemezana ana kwa ana. Nilipotaka kuingia uani nilikohoa kwanza, ili ajitande na kupisha. Neno lake kwangu lilipita kwa mke wangu, na langu kwake vivyo hivyo, hata pale ambapo kati yetu palikuwa na ugo wa mabua ya mahindi tu na kila mmoja alimsikia mwenzake akipumua. Kupitia ugo ule niliyasikia mengi. Lakini kwa mila sikuwa nimesikia lolote, mpaka mke wangu auzunguke, asimame mbele yangu, ayarudie. Nimefundisha ufundi katika shule za sekondari maisha yangu yote ya kazi, na somo langu la kwanza kwa kila darasa lilikuwa hili: pima mwenyewe, usipimiwe. Sasa nilijikuta na mteja ambaye sikuweza kumwuliza swali hata moja.

Ilikuwa ile miaka tuliyoiita ya ruksa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa, yalianza kujaa, na malori yaliyotoka upande wa Tunduma yalishusha vitu ambavyo hatukujua hata majina yake. Jirani yangu, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, alikuwa na duka lililotazamana na nyumba yangu. Mtu mkarimu, mcheshi, na aliyeamini kwamba hakuna shida duniani isiyotibika kwa plastiki.

"Mwalimu, mpe mkweo chupa hii," aliniambia. "Ina kifuniko cha kukaza. Hata akianguka nayo mtoni haizami."

"Kile cha kwanza nacho, inasemekana, hakikuzama."

"Inasemekana na nani?"

"Ndilo swali ninalouliza kila siku."

Mke wangu aliipeleka ile chupa. Kesho yake alirudi nayo. "Mama anasema ugoro umetoka jasho."

"Ugoro hautoki jasho."

"Mimi ni mjumbe tu, baba watoto. Tazama mwenyewe."

Niliipeleka chupa penye mwanga. Ndani, kwenye mabega yake, palikuwa na matone madogo, na ugoro ulikuwa umeshikana madonge kama udongo wa tofali. Nilikiri kwamba ugoro ulikuwa umetoka jasho. Chombo kilichotakiwa ni kile kinachopumua kidogo, kama kibuyu, lakini kisichopasuka kama kibuyu. Nikaamua kutengeneza kibuyu cha mti.

Nilikuwa na kerezo langu la mguu. Nilikuwa nimeliunda mwenyewe baada ya kustaafu, kwa gurudumu zito la mashine mbovu ya kusaga, mhimili uliozunguka juu ya beringi za gari, na ubao wa kukanyaga. Ukikanyaga kwa mwendo mmoja, gogo la mti huzunguka, nawe unalitegea patasi mpaka liwe mviringo. Nilikuwa nimekwisha kukereza miguu ya viti, mipini, na michi ya vinu. Kukereza nje ni kazi ya yeyote mwenye subira. Lakini kibuyu kina mdomo mwembamba na tumbo pana, na tumbo hilo lazima likombwe kwa kupitia mdomo huohuo. Patasi iliyonyooka huingia vizuri, ikafika hata kitako. Haiwezi kugeuka pembeni kukomba mabega. Ni kama mgeni aliyeingia mlangoni akaambiwa asimame palepale.

Nilivuka barabara. "Unauza patasi iliyopinda, ya kukombea ndani?"

Jirani yangu alipekua sanduku la vifaa vipya vilivyong'aa. Alitoa patasi bapa, patasi za mviringo, bisibisi za kila rangi. "Mwalimu, hiyo bado haijaingia."

"Kwa hiyo si kweli kwamba kila kitu kimeingia."

"Kila kitu isipokuwa hiyo."

Basi ikabidi niifanye mwenyewe. Nyuma ya soko alikuwepo mhunzi mmoja wa rika langu, hodari wa majembe na mapanga na hodari zaidi wa maneno, ambaye tanuri lake lilipulizwa kwa feni iliyoendeshwa na rimu ya baiskeli. Nilimwomba kona ya moto wake. Nilikuja na kipande cha springi ya gari, ile ya mzunguko, na sumaku niliyoitoa katika spika ya redio iliyokufa.

"Sumaku ya nini, Mwalimu? Unataka kuvuta wateja?"

"Chuma kikifika joto linalotakiwa, sumaku hukiachia. Sitaki kukisia kwa rangi."

"Mimi nakisia kwa rangi tangu sina ndevu."

"Na majembe yako yanapinda tangu huna ndevu."

Wanawake waliokuwa wakisubiri majembe yao walicheka, naye akacheka kuwashinda. Kwa heshima yake niseme kwamba majembe yake hayakuwa yakipinda. Nililisema lile la kupinda kwa kuwa alilistahili.

Springi ilipokuwa nyekundu niliinyoosha juu ya fuawe, nikaifua iwe fimbo, na ncha yake nikaipinda kama mundu mdogo. Ilibaki kuipoza ili iwe ngumu, na hapo ndipo ubishi ulipoanza.

"Usikitie kwenye oili," alisema mhunzi. "Babu zetu walipoza chuma kwa mkojo wa beberu."

"Ulimwona babu yako akifanya hivyo?"

"Baba aliniambia."

"Baba yako alimwona?"

"Mwalimu, unataka nimfufue baba umhoji?"

Sikuwa na dharau kwa wazee hao. Ufipa ni nchi ya chuma. Masalia ya tanuri zao za udongo nimeyaona porini kwa macho yangu, mengine marefu kuliko mtu, na nimeshika takataka nyeusi za chuma zilizotapakaa chini yake. Lakini kuona tanuri si kuona moto wake. Kwa hiyo nilisema jambo la haki: tukate vipande viwili vya springi ileile, kimoja tukipoze kwa oili chafu ya gari, kingine kwa mkojo wa beberu, kisha tupa iamue.

"Haya," alisema mhunzi. "Beberu yupo. Kopo lipo."

"Na nani atakinga?" aliuliza mkewe, akiwa mlangoni na mikono kiunoni.

Hakuna aliyejitolea. Basi nilimshuhudia fundi mzima, mtu mwenye wajukuu, akimfuata beberu nyuma ya soko akiwa ameinama na kopo mkononi, huku akimbembeleza kwa maneno ambayo sijapata kumsikia akimwambia mkewe. Beberu alisimama, naye akasimama. Beberu aliendelea, naye akaendelea. Wauza dagaa waliacha biashara. Mtu mmoja alipaza sauti, "Mwimbie!" na yule mhunzi, ambaye alikuwa mwanakwaya, akamwimbia kweli. Sijui kama ni wimbo au ni uchovu, lakini beberu alitoa alichoombwa, na soko zima likapiga makofi.

Tulipoza vipande vyote viwili mara tu sumaku ilipoviachia. Tupa iliteleza juu ya vyote viwili bila kung'ata, maana yake vyote vilikuwa vigumu. Lakini kile cha mkojo, nilipokifuta na kukigeuza penye jua, kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umekikata katikati. Nilimpa mhunzi akione mwenyewe. Alikigeuza, akakinusa, akakigeuza tena.

"Hii springi ni ya Kizungu," alisema. "Haijazoea."

"Inawezekana kabisa. Chuma cha babu zako kilikuwa cha namna nyingine, na huenda kilihitaji kupozwa kwa ghafla zaidi. Sijui, kwa kuwa hakipo hapa nikipime."

"Umekubali!"

"Nimekubali kwamba sijui."

"Mmesikia?" aliwageukia wanawake wa majembe. "Mwalimu amekubali!" Na siku hiyohiyo habari ilienea mjini kwamba nimethibitisha ubora wa mkojo wa beberu. Nimewahi kuulizwa habari zake hata kanisani Kaengesa, na mtu ambaye hakuwepo.

Nilikipoza chuma changu kwa oili. Kisha nikakisugua kikang'aa na kukirudisha karibu na makaa polepole, mpaka ule mng'ao ukageuka rangi ya nyasi kavu, ili ugumu upungue kidogo na ncha isivunjike kama kioo. Nilikitia mpini mrefu, nikaenda nyumbani kwa hatua za mtu aliyeshinda kesi.

Gogo la kwanza lilikuwa la mkaratusi, la kujaribia. Nilikereza nje, nikatoboa mdomo, nikaingiza ule mundu. Ulikomba vizuri mwanzoni. Nilipousogeza kuelekea begani, mpini ulijipindua ndani ya ngumi zangu kama samaki, ncha ikazama ndani ya mti, na gogo zima likapasuka kwa kishindo. Kuku walikimbia. Kipande kimoja kiliruka kikagonga bati.

Nyuma ya ugo palisikika sauti ya chini, kisha mke wangu akazunguka.

"Mama anauliza aliyekufa ni mtu au mti."

"Mwambie ni mti."

Alikwenda, akarudi. "Mama anasema Mungu ashukuriwe. Na anakumbusha kwamba lori ni Alhamisi."

Nilikiweka chuma juu ya meza. Nilichukua chaki na rula, nikachora mstari kutoka katikati ya mpini, kupitia fimbo, mpaka mbele. Ncha ilikuwa nje ya mstari, imesimama kando kama mtu anayengoja njia ipite. Mti unapozunguka huisukuma ncha kwenda chini. Na kwa kuwa ncha ipo kando, ule msukumo huipindua fimbo nzima, na mkono wa binadamu hauwezi kuuzuia. Dawa ilikuwa wazi. Fimbo lazima iende kando kwanza, upande wa pili, kisha irudi, ili ncha ije kukaa juu ya mstari wenyewe. Iwe kama shingo ya bata bukini: shingo imepinda, lakini mdomo umerudi mbele ya kifua.

Nilirudi kwa mhunzi na kipande kingine cha springi. Nilipokuwa nikikipinda alisimama nyuma yangu akiguna.

"Mwalimu, chuma hiki kimekwenda kombo."

"Kimekwenda kombo, kikarudi. Tazama ncha."

"Kombo ni kombo."

"Kombo lisilorudi ndilo kombo. Hiki ni cha kukombea. Kisipokuwa na kombo kitakombaje?"

Alipiga paja lake. "Nyie! Njooni mwone! Huyu aliwasumbua watoto wetu kwa rula miaka yote hiyo, mstari ukipinda kidogo tu, 'futa, chora tena!' Leo amekuja mwenyewe kwangu kupinda chuma kwa makusudi!" Nilimwacha afurahi. Alikuwa anasema kweli tupu, na ukweli sina haki ya kuuzuia hata ukiwa juu yangu.

Kile chuma cha pili kiliponiingia mkononi, nilijua tofauti kabla sijamaliza kukanyaga ubao. Ncha iligusa mti na mpini ukatulia. Haukujipindua wala kurusha. Kutoka mdomoni mwa kibuyu yalianza kutoka maranda membamba ya mninga, mekundu, yenye harufu tamu, kwanza machache, kisha kwa wingi, yakinimwagikia mikononi na kujaza mikunjo ya shati. Kila baada ya muda nilisimamisha gurudumu, nikageuza kibuyu na kukigonga ili kijitapike, nikaendelea.

Furaha niliyoipata hapo naona vigumu kuieleza kwa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi mahali asipopaona. Tumbo la kibuyu halionekani. Mdomo umezibwa na chuma chenyewe, na ndani ni giza. Mimi, ambaye sikubali jambo nisiloliona, nilikuwa nikikata mti nisiouona, kwa ncha nisiyoiona. Lakini nilikuwa nausikia. Ukuta ukiwa mnene, sauti ilikuwa nzito na ya kukwaruza. Ulivyozidi kuwa mwembamba ikapanda, ikalainika, mpaka ikawa mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Nilikunja waya kupima unene na kuhakikisha, na kila mara waya ulikubaliana na sikio. Watu hudhani kwamba mtu asiyeamini ya kusikia hayaamini masikio yake. Sivyo. Sikio langu ni shahidi wa kwanza kama jicho langu. Ninayemkataa ni mdomo wa tatu. Alasiri ile nilicheka peke yangu bandani, nikiwa na maranda kichwani, na mke wangu alikuja kuchungulia kama nimepata homa.

Nilikifanyia kizibo, nikakipaka nta kwa nje, nikampa akipeleke. Sikuwa na shaka yoyote.

Alirudi nacho upesi mno.

"Mama anasema hiki ni kinu."

"Kinu?"

"Anasema labda ulitaka atwange. Mdomo mpana. Akikiinamisha, ugoro unamwagika wote kifuani."

"Wewe uliniambia mdomo wa kidole kimoja! Nimepima kidole kimoja. Tazama!" Nikaingiza kidole changu cha shahada mdomoni mwa kibuyu. Kiliingia barabara, bila nafasi ya kupita hata karatasi.

Mke wangu alikitazama kidole changu: kidole cha seremala, kinene kama muhogo. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Alizunguka ugo, na huko nikasikia wawili wakicheka, mmoja kwa sauti na mwingine kwa kukohoakohoa kizee. Aliporudi alikuwa bado anafuta machozi.

"Mama anauliza: ulidhani atachota ugoro kwa kidole cha nani?"

Nilipokea kipimo bila kuuliza kimepimwa kwa kidole cha nani, na tena kwa mdomo wa mjumbe. Mwenye kibuyu alitumia kidole chake kidogo cha mwisho, kidole cha bibi kizee. Lakini ningekipimaje? Kukishika ilikuwa haiwezekani, kukitazama ilikuwa haiwezekani. Kupima cha mke wangu na kukisia ilikuwa kurudia kosa lilelile. Na Alhamisi ilikuwa imekaribia.

"Mwambie mama," nilisema mwishowe, "achomeke kidole chake katika kitu kitakachobaki na alama."

Nilingoja. Nyuma ya ugo palikuwa na mazungumzo marefu, na sufuria ikagongwa. Mke wangu akaja amebeba sahani kwa mikono miwili, kama anayebeba sadaka. Juu ya sahani palikuwa na donge la ugali wa ulezi, limepoa, jeusi na gumu. Na katikati yake tundu dogo la mviringo, safi kabisa.

"Mama anasema ni hicho. Na anasema usikile."

Huu haukuwa uvumi tena. Huu ulikuwa ushahidi, umeletwa na mwenyewe aliyehusika, kwa mkono wake mwenyewe. Nilichukua kalipa, koleo la kupimia upana, nikapima kipenyo cha lile tundu juu, katikati na chini, nikahamisha kipimo kwenye kipande cha bati. Nilipogeuka kuitundika kalipa, jogoo alikuwa amekwisha kupanda mezani na alikuwa anakula ushahidi. Nilimwacha ale. Nilikuwa nimekwisha kuuthibitisha.

Mdomo mdogo namna ile ulidai chuma chembamba zaidi. Mhunzi alinitafutia springi ya valvu ya injini, nami nikafua shingo nyingine ya bata, ndogo kama sindano ya kushonea magunia, yenye kombo lilelile na ncha iliyorudi kwenye mstari uleule. Hakubishana tena juu ya oili. Aliuliza tu, kwa upole, kama nina hakika sihitaji beberu, kwa kuwa beberu sasa alikuwa amezoea.

Kibuyu cha pili nilikikereza kwa mninga wa shina, uliokauka miaka mingi katika dari ya banda. Kazi ilikwenda polepole. Chuma chembamba hutikisika ukikipa pupa, na ukikipa subira huimba. Nilifuata mvumo ule mpaka nikausikia ukifika pale ninapoutaka, nikaacha. Kilikuwa chepesi mkononi kama yai lililotolewa kiini. Ilikuwa Jumatano, jua likiwa bado juu.

Mke wangu alikichukua, akakipeleka. Mimi nilibaki nimesimama karibu na kerezo, mguu juu ya ubao, bila kukanyaga.

Nilisikia kizibo kikitoka. Nilisikia kibuyu kikigongwagongwa kwenye kiganja, taratibu, kwa namna ya mtu anayejua kazi yake. Kisha ikaja chafya, kubwa kuliko mwili ulioitoa, ikafuatwa na nyingine, na baadaye pumzi ndefu ya mtu aliyefika mahali. Bila kufikiri nikakohoa, kama ninavyokohoa nikitaka kuingia uani. Na kutoka upande wa pili wa ugo, chafya ya tatu ikanijibu.

Mke wangu alizunguka mbio. "Baba watoto, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Umesikia nini? Hajasema kwa sauti."

"Nimezisikia chafya."

"Basi sikia na hili. Anasema hatoki. Anasema Msanzi kuna baridi, na kwamba hapa kuna mtu anayejua maana ya mdomo mwembamba."

Usiku ule mke wangu alipika nyama. Nilikula vizuri, na nikalala vizuri. Alhamisi asubuhi nilivaa koti na kofia.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

"Kwenye lori."

"Kufanya nini? Nimekwambia mama hatoki."

"Umeniambia."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nakwenda."

Alitikisa kichwa kama anayemtikisia mtoto, akarudi jikoni akiimba.

Lori la Msanzi lilikuwa linapakia mabati na magunia ya chumvi. Abiria walikuwa wamekwisha kupanda, wengi wao wanawake, wamejifunika vitenge hadi vichwani kwa upepo. Nilipowatazama ndipo nilipotambua ugumu wa jambo nililolijia: kwa mila yetu, uso wa mama mkwe wangu sikuwahi kuuona sawasawa. Nilimjua kwa mgongo. Ikabidi nilizunguke lori polepole, nikiwatazama abiria kwa nyuma.

Utingo alinisimamisha. "Shikamoo, mzee. Unasafiri?"

"Marahaba. Sisafiri."

"Unamsindikiza mtu?"

"Hapana. Nahakikisha."

Alinitazama, akamtazama dereva, akaacha kuuliza. Nilizunguka tena, kwa kuwa mwanamke mmoja alikuwa ameegemea pipa na mara ya kwanza nilimwona nusu. Alipojiinua kupanga mzigo wake nilimwona mgongo wote: mpana, wa kijana, si yeye. Dereva akapiga honi. Utingo akafunga ubao wa nyuma na kudandia. Lori liliondoka kuelekea Msanzi, nami nilisimama barabarani nikilitazama mpaka lilipopotelea kwenye mteremko. Mama mkwe wangu hakuwemo.